Kofia ya Mtani

"Irudishe."

"Dada, hujanielewa."

"Nimekuelewa tangu unatambaa, Thobias. Irudishe."

"Nikiirudisha bila jogoo, utani wenyewe utakuwa umekufa! Yule kijana ataniona mimi si mtu."

"Na usipoirudisha utalala mahabusu leo Ijumaa, kesho Jumamosi na keshokutwa Jumapili. Sasa niambie, kesho mwanangu nani atamtoa ndani? Jogoo?"

Kofia waliyokuwa wakigombana juu yake ilikuwa imetulia mezani, kati ya sinia la mchele na beseni la vitunguu, nyeupe, nembo yake ikimeremeta kwa mbele. Ilikuwa kofia ya askari wa usalama barabarani. Haikuwa na kazi yoyote nyumbani kwa Yustina, Mafiga, saa tatu asubuhi, siku moja kabla ya harusi ya binti yake.

Yustina alikuwa na miaka hamsini na mmoja, afisa maendeleo ya jamii wa kata, mwanamke ambaye neno likimfika mdomoni halirudi tumboni. Thobias, mdogo wake, alilima koliflawa na njegere kule Mgeta, na alikuwa mtu wa mzaha kuanzia alfajiri mpaka usingizi unapompitia. Ndiye ndugu pekee wa kiume aliyebaki wa tumbo la mama yao, na hapo ndipo penye shida. Katika ukoo wao binti hatoki nyumbani kwa mama yake kwenda kuolewa mpaka mjomba amshike mkono na kumvusha kizingiti. Si baba, si kaka, si katekista. Mjomba. Mama wakubwa watatu wa Mgeta walikuwa wameshatuma ujumbe kwamba kesho wasipomwona Thobias mlangoni, wao hawashuki garini.

"Hebu nieleze tena ilivyokuwa," alisema Yustina. "Polepole. Na usicheke."

Thobias alieleza, akicheka.

Alfajiri alikuwa ameteremka na Fuso la mboga. Kwenye kizuizi cha njia ya Mlali, askari kijana alilisimamisha gari, akakagua leseni, bima, matairi, taa. Kila kitu sawa. Kisha akasikia lafudhi ya Thobias, akatabasamu. "Mzee, nyie watu wa mlimani mkishuka huku kwenye joto hamyeyuki?" Moyo wa Thobias ukaruka kwa furaha. Akamuuliza kwao ni wapi. Nzega, akasema kijana. Mnyamwezi! Mtani wa Waluguru tangu mababu walipokuwa wakipishana na misafara! Na mtani akishakuchokoza, unamnyang'anya kitu unaondoka nacho, mpaka aje akikomboe kwa kuku. Misibani hufanyika hivyo, harusini hufanyika hivyo. Kijana akavua kofia kufuta jasho, akaiweka juu ya bampa.

"Nami nikaipitia," alisema Thobias. "Gari limeshaanza kuondoka, nimening'inia mlangoni, kofia kichwani. Nikamwambia, mtani, utaikomboa kwa jogoo mwekundu! Dada, alicheka. Naapa alicheka."

"Halafu?"

"Halafu akaanza kukimbia nyuma ya gari. Nikajua utani unanoga."

Mlango wa chumbani ukafunguliwa. Akatoka Judith, bibi harusi. Bwana harusi wake alikuwa akimwita malkia, lakini asubuhi ile malkia alikuwa amesukwa upande mmoja tu; upande wa pili nywele zilisimama zote kama zimeitwa jina. Nyuma yake alikuja Janeth, msusi, na kitana mkononi. Judith alikuwa ameshika simu.

"Mjomba, picha hii umeweka status?"

Katika picha Thobias alikuwa amevaa kofia ya polisi, amepiga saluti, nyuma yake magunia ya koliflawa. Chini aliandika: *Mtani kapatikana leo.*

"Imependeza, eeh?"

"Imetazamwa na watu sitini na mmoja," alisema Judith.

"Futa," alisema Yustina.

"Dada, sitini na—"

"Futa!"

Alifuta. Simu ikiwa bado mkononi mwake, ikaita. Alikuwa dereva wa Fuso, amefika Chalinze. Sauti yake ilijaa sebule nzima. Yule askari, anaitwa Andrea, alikuwa amempigia kwa namba aliyoiandika wakati wa ukaguzi. Alikuwa hajaripoti chochote bado. Alikuwa anabembeleza. Saa sita sajenti wake anakuja kukagua kizuizi, na akimkuta kichwa wazi, kazi hana. Kofia ikirudi kabla ya hapo, yameisha. Isiporudi, itabidi aandike kwamba imeibiwa, na jina la mwizi analo.

Simu ilikatika. Thobias hakuwa anacheka tena.

"Kazi hana?" alisema taratibu. "Kwa kofia?"

"Ulidhani wanazichuma mtini?"

Thobias akaanza kutoa mawazo, na kila wazo lilikuwa bovu kuliko la kabla yake. Kofia apewe bodaboda aipeleke. Yustina alimuuliza bodaboda atasema ameitoa wapi akikamatwa nayo njiani. Basi yeye apande Mgeta, ajifiche kwa siku mbili. Yustina alimkumbusha kuwa harusi ni kesho, hapa hapa Mafiga. Basi wampigie binamu yao Severini, anayemjua mkubwa mmoja pale mkoani.

"Mkubwa amwambie nani nini? Kwamba mzee mzima wa miaka arobaini na nane amekimbia na kofia ya serikali na anaomba asiulizwe?" Yustina alivuta kiti, akakikalia. "Tunakwenda wenyewe. Unairudisha kwa mkono wako, unaomba radhi, tunarudi kuchambua mchele. Lakini kwanza nataka nione utakavyosimama mbele ya askari, maana mdomo wako mimi naujua."

Mwaka uliopita polisi kata alikuja kwenye mkutano wa mtaa kufundisha wananchi namna ya kukaa na askari wanaposimamishwa, na Yustina ndiye aliyeandika muhtasari. Watu wengine walisinzia. Yeye hakusinzia.

Alichukua sufuria ndogo ya uji, akaivaa kichwani, akasimama katikati ya sebule na kuinua mkono.

"Simama!"

"Nimeshakaa, afande."

"Thobias!"

Akasimama.

"Jina lako?"

"Si unalijua?"

"Askari halijui! Jina lako?"

"Thobias Mkude."

"Unaishi wapi?"

"Juu kabisa. Ukikohoa Mungu anasema pole."

Janeth alicheka mpaka kitana kikaanguka. Yustina alivua sufuria.

"Umeona? Hapo ndipo mtu anapofungwa bila kosa. Ukiulizwa unaishi wapi, unataja kijiji, kata, basi. Jibu ulichoulizwa. Mikono ionekane, si mifukoni. Usipige kelele, usikimbie, hata kama unaona umeonewa. Kuonewa kuna mahali pake pa kusemea. Kama hujui kosa lako, uliza, kwa adabu, afande, kosa langu nini. Kama humjui anayekuhoji, muulize jina, si dhambi. Na humgusi. Humgusi bega, humgusi shati, hugusi kitabu chake—"

"Wala kofia."

"Wala kofia."

Walirudia mara tatu. Mara ya tatu Thobias alijibu vizuri kuanzia mwanzo mpaka mwisho, ila pale alipotakiwa kusema "naomba radhi, afande" alisema "naomba radhi, sufuria," wakakubaliana kwamba hiyo ilikuwa ya mazoezi tu.

Yustina aliikunja khanga safi, akaiweka kofia ndani yake bila kuibonyeza, akaita bajaji ya jirani yao Yusuph. Alipotoka nje alikuta uwanjani vumbi linatimka. Thobias alikuwa anafukuza jogoo wa pilau.

"Mwache!"

"Dada, hii ni heshima tu. Mtani kakosewa, mtani anapewa jogoo. Safari hii ni mimi ninayetoa."

"Jogoo kituo cha polisi ni rushwa yenye manyoya. Mwache."

Jogoo alirudi kwenye kivuli chake kusubiri kesho. Judith akatokea amejifunga kitambaa kichwani, upande mmoja umevimba.

"Nawe unakwenda wapi na nywele hizo?"

"Nakwenda. Mjomba akifungwa mtanificha mpaka kesho asubuhi. Nawajua."

Hakukuwa na muda wa ugomvi wa pili. Wakapanda wote watatu.

Njiani Yusuph aliendesha kama mtu aliyebeba mayai na polisi kwa pamoja. Walipita Mzumbe, wakaiacha barabara kuu, milima ikawa mbele yao, mawingu yamekaa juu ya Uluguru kama kawaida. Thobias alikuwa kimya. Yustina alimtazama mara mbili kuhakikisha ni yeye.

"Nilimwona anakimbia," alisema Thobias. "Yule kijana. Alikimbia mbali, dada. Mimi nampungia."

Yustina aliisogeza khanga mapajani, kofia isibonyee.

Kizuizi kilikuwa mita chache kutoka kwenye jengo dogo la polisi, chumba kimoja cha mbele na viwili vya nyuma. Askari Andrea alikuwa amesimama juani, kijana mrefu wa miaka kama ishirini na sita, sare nyeupe iliyopigwa pasi vizuri, na juu kabisa, pale palipotakiwa kofia, alikuwa amejifunika daftari. Alipoiona ile khanga mkononi mwa Yustina, daftari liliteremka.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, mwanangu. Huyu ndiye mdogo wangu. Ana neno."

Thobias alitoa mikono mifukoni, akaionyesha, viganja na migongo, kama anayekaguliwa kucha shuleni.

"Naitwa Thobias Mkude, naishi Mgeta. Nilichukua kofia yako, afande. Nimeirudisha. Naomba radhi."

Andrea aliipokea kofia kwa mikono miwili, akaigeuza, akaipuliza, akaivaa. Ungeweza kumwona anakua tena inchi tatu. Saa ilikuwa tano na dakika ishirini.

"Basi, mzee wangu. Yameisha. Nendeni salama." Kisha hakuweza kujizuia. "Lakini hamkuyeyuka!"

Mdomo wa Thobias ulifunguka. Yustina alimfinya mkono chini ya kiwiko, mdomo ukafunga. Waligeuka. Judith alikuwa ameshaingiza mguu mmoja ndani ya bajaji.

"Huyo ndiye yule wa kwenye picha?"

Sauti ilitoka mlangoni pa jengo. Alikuwa Sajenti Shadya, mwanamke mfupi, mnene kiasi, mwenye hijabu nyeusi chini ya kofia yake na simu mkononi. Alikuwa amewahi. Alikuwa amepita njia ya nyuma na kukaa ndani muda wote huo akisubiri aone askari wake atafanya nini.

"Picha gani, afande?" aliuliza Yustina, ingawa alikuwa ameshajua.

Sajenti aligeuza simu. Thobias, saluti, koliflawa. Status alikuwa ameifuta, lakini mmoja wa wale sitini na mmoja alikuwa ameshaipeleka kwenye kundi la kwaya, kwaya wakaipeleka kwenye kundi la walimu, na mwalimu mmoja alikuwa na dada askari.

"Kofia imerudi, nimeona, na nimependa ilivyorudi," alisema Sajenti Shadya. "Lakini hii picha nimeiona mimi, mkuu wangu wa kituo ameiona, na mama yangu mzazi yuko Pangani ameiona. Siwezi kusema haikutokea. Ingieni ndani."

Ndani kulikuwa na kaunta ya mbao, benchi, na tangazo ukutani lililosema dhamana ni haki na haiuzwi. Sajenti alimwambia Thobias atoe vitu vyote mifukoni. Thobias alimtazama dada yake kwa huzuni, akaanza kutoa. Peasi. Peasi. Simu. Peasi. Rozari. Peasi mbili. Mfuko wa ndani wa koti ulitoa nyingine tatu.

"Hizi ni za nini?" aliuliza Sajenti.

"Za njiani, afande."

"Njia ya wapi, Kongo?"

Yustina alifumba macho. Jogoo alimwona; peasi hakuziona. "Afande," alisema, "alitaka kumletea huyu kijana zawadi. Nilimkataza. Ni mjinga, si mtoa rushwa."

"Ni kweli," alisema Thobias. "Vyote viwili."

Sajenti alizipanga peasi nane kwenye ukingo wa kaunta, akaandika kwenye kitabu *matunda nane*, kisha akamgeukia Andrea, aliyesimama kando amenyooka, jasho linamtoka chini ya kofia iliyorudi.

"Konstebo. Kofia ilitokaje kichwani kwako?"

Andrea aliinyoosha kofia. "Upepo, Sajenti."

Wote walitazama dirishani. Nje hapakuwa na jani lililotikisika. Bendera ilikuwa imelala kwenye mlingoti wake kama nguo iliyosahaulika kwenye kamba.

"Upepo," alisema Sajenti. "Mzee, na wewe unasema ni upepo?"

Pale Yustina aliuona mlango wa kutokea. Neno moja tu. Upepo uliivua kofia, mzee akaiokota, akajipiga picha ya kijinga, akairudisha. Hakuna wizi. Hakuna kumnyang'anya askari. Wangekuwa Mafiga saa saba, na kesho mjomba mlangoni. Alikuwa hajamfundisha kitu kuhusu uongo unaoletwa na askari mwenyewe. Polisi kata hakufika huko. Aliutazama ukuta ili ndugu yake asimsome usoni.

Thobias alikuna shingo.

"Hapana, afande. Niliichukua mimi. Aliiweka kwenye bampa anafuta jasho, nikaichukua, nikaondoka nayo. Nilidhani ni utani. Yeye ni wa Nzega."

"Ulidhani tu, au alikutania?"

Thobias alimtazama Andrea, akanyamaza. Ilikuwa mara ya kwanza Yustina kumwona ananyamaza wakati ana jibu.

"Nilianza mimi, Sajenti," alisema Andrea. "Nilimwambia watu wa mlimani wanayeyuka. Nilikuwa na wiki tatu sijasikia mtu wa kunitania hapa."

Sajenti Shadya aliwatazama wote wawili kwa zamu. Kona ya mdomo wake ilicheza kidogo, akaidhibiti.

"Nisikilizeni. Taniana mpaka mchoke. Mkikutana sokoni, mkikutana harusini, mnyang'anyane hata viatu. Lakini mtani wako ni Andrea, mzee. Kofia si Mnyamwezi. Barabarani kungekuwa na ajali, watu wangemtafuta askari kwa kofia, wangemkuta nani? Wewe, na gunia za koliflawa."

"Nimeelewa, afande."

Alimwandikia maelezo mwenyewe, kwa mkono, mstari kwa mstari. Alipomaliza alimsogezea karatasi na kalamu. Thobias akaichukua kalamu.

"Asomewe kwanza," alisema Yustina. "Miwani yake iko Mgeta."

"Ndiyo utaratibu, mama. Nilikuwa nasubiri nione kama mtaniambia."

Akasoma kwa sauti. Kwenye mstari wa sita Thobias aliinua kidole.

"Hapo umeandika nilikimbia. Sikukimbia. Nilipandishwa na gari."

"Gari lilikupandisha?"

"Nilining'inia, likaondoka na mimi."

Sajenti alikata neno, akaandika *aliondoka kwa gari*, wakaweka sahihi pembeni wote wawili, na chini kabisa.

Kisha akakifunga kitabu na kuwaeleza bila kuzunguka. Jalada limeshafunguliwa. Mkuu wa kituo yuko mjini mpaka Jumatatu, na yeye ndiye atakayeamua kama ni karipio au ni mahakamani. Kwa maelezo haya na kofia iliyorudi, yeye Shadya angependekeza karipio. Mpaka hapo mzee ana njia mbili. Abaki hapa. Au atoke kwa dhamana ya mtu mmoja mwenye kitambulisho, makazi yanayojulikana na kazi, atakayesaini kwamba Jumatatu saa mbili kamili asubuhi mzee atakuwa kwenye benchi lile. Haina malipo. Lakini asipotokea, atakayekuja kuulizwa ni mdhamini.

Macho yote yalikuja kwa Yustina. Kitambulisho alikuwa nacho. Makazi, kazi, vyote.

"Mama," alisema Judith.

 Yustina alikuwa anamtazama ndugu yake, na alikuwa anahesabu, si fedha. Ubatizo wa Judith: Thobias ndiye aliyekuwa msimamizi, na alifika mtoto ameshabatizwa, ameshanyonya na ameshalala. Harusi ya Yustina mwenyewe: Thobias alitokea watu wanaosha masufuria. Siku ya kumwangalia mama hospitali alisema yuko njiani, na kweli alikuwa njiani, siku mbili. Thobias hakuwahi kumdanganya mtu kwa ubaya. Alikuwa tu hafiki. Na Jumatatu saa mbili, baada ya harusi, baada ya pombe ya Jumapili, na Mgeta iko juu huko, na barabara ile mvua ikinyesha gari halipiti. Mkurugenzi wake akisikia afisa wake anatafutwa na polisi kwa ajili ya kofia!

"Mama, unamwamini?" aliuliza Sajenti.

"Hapana."

"Mama!" Kitambaa cha Judith kilifunguka, nywele zake za upande mmoja zikasimama wima.

"Ameniuliza, nimemjibu."

"Usisaini, dada," alisema Thobias.

Yustina alidhani hakusikia vizuri.

"Usisaini. Jumatatu nitakuwa Mgeta, nitasema mvua. Hata kama mvua haikunyesha nitaikuta tu sababu. Unanijua. Nibaki hapa mpaka Jumatatu, nitakuwa nimewahi angalau mara moja maishani." Alijaribu kucheka, kicheko hakikutoka. Akamgeukia Judith. "Mwambie Severini akushike mkono. Ni mjomba wa mbali, lakini mkono anao. Mama wakubwa watanuna, watashuka tu njaa ikiwauma. Nisamehe, mpwa wangu. Nilitaka kesho niwe na hadithi ya kuwachekesha."

Judith aliziba uso. Andrea aligeukia dirishani, akaanza kuisoma bendera.

 Kwa miaka arobaini na nane Yustina alikuwa amemsikia huyu mtu akiahidi. Hakuwahi kumsikia akijisema ukweli wake mwenyewe mbele ya watu, na leo alikuwa ameusema mara tatu katika saa moja, kila mara ukweli unaomuumiza yeye.

"Karatasi iko wapi?"

"Dada—"

"Nyamaza. Jumapili hulali Mgeta wala Mlali wala kwa rafiki yako yeyote. Unalala sebuleni kwangu, mlango nafunga mimi. Jumatatu saa kumi na moja unaoga, saa kumi na mbili tuko kwenye bajaji, na mimi nimekaa upande wa mlango. Afande, niletee karatasi."

"Umesema humwamini," alisema Sajenti Shadya, ingawa karatasi alikuwa ameshaitoa.

"Simwamini. Najiamini mimi."

Alitoa kitambulisho kwenye pochi, akakilaza kaunta kando ya peasi. Aliisoma fomu yote kutoka juu mpaka chini, pamoja na maandishi madogo, huku Yusuph akipiga honi nje na hakuna aliyemjali. Kwenye jina la mdhamini aliandika jina lake lote. Kwenye kazi, kazi yake. Kwenye uhusiano na mtuhumiwa aliandika *dada*, kwa nguvu mpaka kalamu ikachora karatasi ya chini, na akasaini.